Nje ya ufito wa chungwa

Dukani kwetu tunakodisha skii, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, na swali la kwanza ninalomuuliza mteja si saizi ya kiatu. Namuuliza, "Unakwenda kuteleza wapi?" Wengi hunijibu, "Kila mahali." Hapo naweka kalamu chini, maana "kila mahali" hapa bondeni ni sehemu tatu tofauti, na kila moja ina vifaa vyake, bili yake na namna yake ya kukuua.

Niko Argentière, kijiji kilicho juu kidogo ya Chamonix, Ufaransa, na huu ni msimu wangu wa sita. Nimezaliwa Pangani. Barafu ya kwanza kuishika maishani ilikuwa ya ubuyu, kutoka kwenye friza ya shangazi yangu, kwa hiyo sijifanyi mtoto wa milima. Nilijifunza skii ukubwani, nikianguka mbele ya watoto wa miaka minne waliokuwa wakinipita huku na huku kama dagaa. (Na kabla hujaniandikia kwamba watu wa pwani na theluji wapi na wapi: Sabrina Simader amezaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 alishuka mlima kwenye Olimpiki ya Pyeongchang akiiwakilisha Kenya. Tuendelee.)

Mwezi Februari alikuja binamu yangu kutoka Denver, mtoto wa huyohuyo shangazi wa barafu za ubuyu. Kule ni muuguzi, na akipata mapumziko hupanda gari kwenda kuteleza Loveland. Kabla hajafika alishanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. "Dada, usinipeleke kwa watoto. Mimi nashuka almasi nyeusi mbili." Almasi nyeusi ndiyo alama ya njia ngumu Marekani, zikiwa mbili, ujue ni ngumu zaidi. Hapa Ufaransa hatuna almasi, tuna rangi: kijani, bluu, nyekundu, nyeusi. Alipoona nyekundu kwenye ramani alishangaa, kwao haipo.

Habari ya rangi aliielewa kabla chai haijapoa. Kilichokuja kutukosanisha ni ile sehemu nyeupe ya ramani, kati ya rangi na rangi.

Nianze na pisti yenyewe, maana watu huidharau. Pisti ni njia iliyolimwa. Usiku, nikitazama mlimani kutoka dirishani kwangu, naona taa zinapanda na kushuka polepole. Ni magreda ya theluji, yana minyororo badala ya magurudumu, yanasawazisha na kuacha mistari myembamba kama ya mkeka. Alfajiri, kama usiku ilianguka theluji nyingi, nasikia mshindo, kisha kimya, kisha mshindo mwingine ng'ambo ya bonde. Msimu wa kwanza niliruka kitandani nikidhani mtungi wa gesi wa jirani umelipuka. Kumbe ni walinzi wa pisti wanalipua miteremko iliyo juu ya njia, ili kitakachoporomoka kiporomoke kabla lifti za kupandisha watu mlimani hazijafunguliwa. Mteja anakuja saa tatu ameshiba mkate na siagi, anashuka zake, hajui kwamba kuna mtu alikuwa juu kule na baruti kabla hakujapambazuka vizuri.

Pembeni mwa pisti pamechomekwa fito. Watu wanazipita msimu mzima bila kuzisoma. Zina namba, na namba hupungua kadiri unavyoshuka, mpaka 1 kule chini. Ukivunjika mguu penye 14, unapiga simu unataja jina la pisti na 14, basi, wanakujia. Fito za mkono wa kulia, kwa mtu anayeshuka, zina kichwa cha rangi ya chungwa. Faida yake utaijua siku ya ukungu, siku ambayo mbingu na ardhi vimekuwa maziwa matupu na hujui kama unakwenda au umesimama. Ukiona chungwa kulia kwako, umo njiani. Ukiliona kushoto kwako, umeshatoka zamani.

Siku ya pili tulikuwa Grands Montets, kituo cha skii kilicho juu ya kijiji chetu. Jua kali, baridi ya kukata masikio, na jana yake ilianguka theluji kama sentimita 30. Binamu akatangulia. Nikamwona anapunguza mwendo, anatazama kulia, nami nikajua kimemvutia nini: kati ya pisti yetu na nyingine palikuwa na kibonde cheupe kisicho na mchirizi wa skii hata mmoja. Akapita ufito wa chungwa kama mtu anayeingia sebuleni kwao.

"We! Rudi!" Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Alisimama mita kumi ndani, anatabasamu.

"Dada, bado tumo ndani ya kituo. Kamba iko wapi?"

Kamba. Nilikaa chini palepale kwenye theluji, maana nilielewa kwamba mtu huyu si mjinga wala si mkaidi, ila anasoma mlima wetu kwa macho ya Colorado. Kule Marekani kituo cha skii kina mpaka, na mpaka una kamba, vibao na mageti. Kilichomo ndani ya kamba, kimelimwa au hakijalimwa, kiwe msitu au majabali, walinzi wanakifanyia kazi kuhusu maporomoko ya theluji, na wakiona hakifai wanakifunga. Hatari haiishi kabisa, lakini kuna mwenyewe. Ukitoka getini ndipo unapokuwa porini. Kwa hiyo binamu akisema "nateleza nje ya njia", anamaanisha theluji isiyolimwa lakini iliyo na mlinzi. Hapa kwetu mpaka ni ule ufito. Ulinzi unaishia ukingoni mwa pisti. Ukisogea hatua mbili kulia, hata kama lifti inapita juu ya kichwa chako na unasikia muziki wa mgahawani, hakuna aliyekuahidi kitu.

Alirudi akinung'unika. Kwenye lifti tukabishana, akasema nimekuwa mwoga kwa kuishi na Wazungu. Nikamkumbusha Schumacher, yule dereva wa mashindano ya magari, maana huyu binamu alikuwa shabiki wa Ferrari tangu utotoni. Tarehe 29 Desemba 2013, kule Méribel, bingwa wa dunia mara saba aliingia kwenye theluji isiyolimwa katikati ya pisti mbili. Skii ikagonga jiwe lililofichwa, akarushwa, kichwa kikapiga jiwe jingine. Helmeti alikuwa nayo. Hakuwa porini, alikuwa mita chache tu kutoka ukingoni mwa pisti, na maporomoko hayakuhusika hata kidogo. Ni mawe tu, kwenye theluji ambayo haikuwa ya mtu kuikagua. Binamu akanyamaza mpaka juu.

Kule juu ndipo aliponiuliza kwa lugha ya nyumbani: "Kwa hiyo pisti ni kama kuogelea ndani ya mwamba, na hapa pembeni ni bahari kuu?" Nikamwambia la, bahari kuu bado. Hapa pembeni ni mlangoni, pale mwamba ulipoachana ngalawa zikapita. Baba mdogo alikuwa akitukataza mlangoni kuliko mahali pengine popote, na hatukumwelewa, maana ukiwa pale unaona nyumba, unaona watu ufukweni, hata adhana unaisikia. Ndiyo maana mtu hajiandai. Na mkondo wa pale maji yakitoka hauulizi kama unaona nyumba.

Nilimweleza na ya kwangu, ingawa naona haya. Msimu wangu wa tatu, nilipoanza kujiona fundi, niliona mchirizi mmoja safi unatoka pembeni mwa pisti na kuingia kwenye mteremko mzuri sana. Nikajisemea: mwenzangu kapita, basi panapitika. Nikaufuata. Mchirizi ulikuwa wa mtu hodari, unapinda kwa mpangilio, nami nikiukanyagia mulemule. Ukaenda, ukaenda, ukafika ukingoni mwa jabali, ukaisha. Mbele hewa tupu. Nilisimama pale nikitetemeka, natafuta alikoelekea, kulia hakuna, kushoto hakuna. Baadaye ndipo nilipoelewa. Hapa bondeni kuna watu wanateleza wakiwa wamevaa mwavuli mdogo wa kurukia; wakifika ukingoni wanapaa, wanakwenda kutua bondeni. Mwenye mchirizi aliondoka kama ndege. Mimi nilivua skii, nikazibeba begani, nikapanda kurudi nilikotoka, theluji ikinifika kiunoni, kwa muda wa saa mbili na ushei. Wala sikuwa na beleshi, wala mtu aliyejua niko wapi. Tangu siku hiyo mchirizi wa mtu kwangu si ushahidi wa kitu.

Kuna na mtego mwingine wa hapa Chamonix, wa tiketi. Unanunua tiketi, unapanda kebo, unafika Aiguille du Midi, mita 3,842. Una haki ya kudhani umefika kituo cha skii. Kumbe ukitoka kwenye lile pango la barafu unashuka ukingo mwembamba umefungwa kamba, na chini yako kunaanza Vallée Blanche, kilomita kama 20 za mto wa barafu bila ufito, bila greda, bila mlinzi, na nyufa ambazo zinaweza kumeza basi. Zingine zimefunikwa na theluji laini huzioni. Watu huenda na kiongozi, wamevaa mikanda ya kamba kiunoni hata wakiwa wanateleza tu, ili wakitumbukia pawe na pa kuwavutia. Lifti haikwambii umefika wapi, imekupandisha tu. Wateja wanaokuja dukani na jinzi na kutaka "skii za Vallée Blanche" tunao kila wiki.

Binamu akaniuliza, basi porini kabisa ndiyo wapi. Nikamwambia subiri tupate mtu wa kwenda naye.

Mtu mwenyewe ni mzee mmoja tunayefanya naye kazi, fundi wa kunoa kingo za skii, mzaliwa wa hapa, mpungufu wa maneno. Kila jioni husoma taarifa ya hatari ya maporomoko ya kesho yake, inayotolewa na Météo-France, idara ya hali ya hewa, kama wazee wa kwetu wanavyosikiliza vifo redioni. Hatari hupimwa kutoka 1 hadi 5. Binamu alidhani 3 ni katikati, kama maksi ya wastani. Mzee akatikisa kichwa. Tatu si wastani. Ikiwa 4 au 5 watu wanaogopa wanakaa nyumbani. Ikiwa 3 jua linawaka, theluji ni nzuri, na ndipo wengi wanapofia. Siku nne baadaye ilishuka hadi 2, tukaenda.

Tulipanda treni ya asubuhi kuelekea Vallorcine. Treni inapita Montroc, na ukipita hapo wenyeji wananyamaza kidogo. Tarehe 9 Februari 1999 maporomoko yalishuka hadi kwenye nyumba za watu pale. Watu 12 walikufa. Nje ya dirisha pana theluji tupu na uzio. Kisha handaki, kisha kituo kidogo cha Le Buet, tukashuka.

Porini hakuna lifti, kwa hiyo unapanda kwa miguu yako ukiwa juu ya skii. Vishikio vya kiatu vinaachia kisigino, na chini ya kila skii unabandika ngozi ndefu yenye manyoya yanayolala upande mmoja: ukisukuma mbele inateleza, ikitaka kurudi nyuma inakamata. Zamani zilikuwa ngozi za sili kweli, yule mnyama wa bahari za baridi, na Wafaransa hadi leo wanaziita hivyo ingawa sasa ni nailoni na manyoya ya mbuzi. Binamu alizipapasa kama anakagua kanzu ya Idi.

Kabla ya hatua ya kwanza mzee alitupanga mstari tukakaguana arva. Arva ni kifaa kidogo unachokivaa kifuani chini ya koti, kinatuma mlio wa redio wa kilohezi 457 muda wote. Mtu akifukiwa, wenzake wanageuza vyao kutoka kutuma kwenda kutafuta, wanafuata mlio, wanachoma theluji kwa kijiti kirefu cha kukunja mpaka wamguse, wanachimba kwa beleshi. Vitu vitatu: arva, kijiti, beleshi. Ukikosa kimoja, viwili vilivyobaki ni mzigo. Binamu, kwa uuguzi wake, alielewa hesabu haraka kuliko wateja wangu: aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi hivi ana nafasi kubwa ya kuishi, zikizidi hapo nafasi inaporomoka, na hakuna helikopta itakayofika ndani ya dakika kumi. "Kwa hiyo ambulansi ni wewe," akaniambia. Akanitazama mikono. Sikuipenda ile namna alivyonitazama mikono.

Na kwa kuwa mtaniuliza bili: hapa, ukivunjika kwenye pisti au kando yake wakakuteremsha walinzi, unaletewa ankara, ndiyo maana tunawauzia watu bima ya siku kwa siku. Helikopta ya PGHM, wale askari wa uokoaji wa milima mirefu, ikikuchukua porini huko, uokoaji wenyewe huulipii. Binamu, anayeishi Marekani, alinifanya nirudie sentensi hiyo mara mbili.

Bonde la Bérard linaanza na msitu, maji yanasikika chini ya barafu, halafu linafunguka na kuta za mlima zinakaa pande zote mbili. Mzee alituachanisha. Mita 50 kati ya mtu na mtu, ili yakishuka yachukue mmoja, wawili wabaki wa kuchimba. Alikuwa akipima miteremko iliyo juu yetu kwa fimbo yake. Maporomoko mengi huanzia kwenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo theluji hukaa, juu sana ya hapo haikai hata ikarundikana. Bahati mbaya, nyuzi 30 hadi 45 ndiyo miteremko mitamu yote ya kuteleza.

Tulikuwa hatujafika kibanda cha Pierre à Bérard, kile kilichojengwa kwa kujibanza kwenye jabali, pale theluji ilipohema. Sina neno jingine. Chini ya skii za mzee ikatoka sauti ya ndani, vumf, kama godoro lililokaliwa na mtu mnene, na eneo zima tulilosimama likashuka labda kidole kimoja. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka kwenye ncha za skii zake ukaenda kama mita nane, ukasimama. Hakuna kilichoporomoka, maana tulikuwa penye tambarare. Mzee akainua mkono bila kugeuka.

Akachimba shimo, akaniita nione. Juu kulikuwa na tabaka gumu, kama nusu mita, lililopangwa na upepo. Chini yake tabaka la chembe kubwa zinazometa, kama sukari ya dukani. Nilivua glavu nikazifumbata. Hazikushikana, zikamwagika kati ya vidole. Ubao mzito umelazwa juu ya sukari. Tulivyokuwa tambarare, ubao ulikaa tu. Hatua mia mbili mbele njia inapita chini ya mteremko mkali.

"Lakini taarifa inasema 2," binamu akasema.

Mzee akajibu kwamba taarifa iliandikwa jana kwa eneo zima la Mont-Blanc, na shimo hili limeandikwa hapa. Akaanza kubandua ngozi kwenye skii zake, akazikunja gundi kwa gundi, akaziweka kifuani zisigande. Mazungumzo yakaisha hapo. Tulikuwa tumepanda kwa muda wa saa mbili, anga ya bluu kama kaniki mpya, na mbele yetu hakuna hata mchirizi mmoja. Binamu alitazama ule weupe kwa muda, kama mtu anayeangalia pilau akiwa amefunga.

Nilimwambia tunavyorudi kwamba theluji yake ya Colorado ina sifa hiyohiyo ya sukari, na ndilo jimbo lenye vifo vingi zaidi vya maporomoko Marekani tangu mwaka 1950. Hakuwa akijua. Miaka minne anateleza Loveland, ndani ya kamba, kuna watu wamekuwa wakiijua hiyo sukari kwa niaba yake kila alfajiri.

Le Buet tulikunywa supu ya vitunguu tukisubiri treni. Mzee alilala ameketi. Binamu akanihoji bei ya arva, muda wa betri, kama inakubali betri za kuchaji (za dukani kwetu hazikubali, zinataka alkalaini mpya), na kozi ya kujifunza inachukua siku ngapi.

Alipoondoka kwenda uwanja wa ndege wa Geneva nilimfungia chapati nne, tukaagana vizuri. Jioni nikahesabu vifaa vya dukani, arva moja haipo. Nikampigia, yuko kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo. Ilikuwa kifuani mwake chini ya koti, imewashwa tangu asubuhi, inatuma.